Mtoto wa Kilwa naye afundishwe mto Matandu

Mhariri,

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Kwa sasa ni dereva wa lori na naishi Houston, jimbo la Texas, huku Marekani. Gazeti lako nalisoma kwenye simu usiku, nikiwa nimeegesha nasubiri zamu ya kushusha mzigo. Naomba nafasi nieleze jambo lililonikuta nyumbani kwa sababu ya kazi ya shule ya mtoto.

Mwanangu yuko darasa la nne. Hapa Texas mwaka wa darasa la nne ni mwaka wa kujifunza Texas yenyewe: mito yake, udongo wake, watu waliokuwapo kabla, vita vyake, mafuta yake. Akifika darasa la saba atafundishwa tena, kwa kina zaidi. Marekani nzima ina mwaka wake na dunia ina mwaka wake. Huu ni wa jimbo.

Basi Jumapili moja usiku tulitandaza ramani mezani, yeye anapaka rangi kanda nne alizofundishwa. Nyanda za pwani ya Ghuba akazipa kijani, nyanda za kati njano, Nyanda Kuu rangi ya chungwa, na kule magharibi kwenye milima na ukame akaweka kahawia. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchonga penseli na kuhakiki mito, maana mingi naivuka na lori: Sabine, Trinity, Brazos, Colorado, Nueces, hadi Rio Grande mpakani na Mexico. Naijua kwa madaraja yake na kwa ukungu wake wa alfajiri. Barabara moja tu, ile ya I-10, inakata zaidi ya kilomita 1,400 ndani ya Texas. Unaanza kwenye misonobari na mvua, unamaliza kwenye mawe na vumbi, na bado hujatoka jimboni. Kwa hiyo usiku ule nilijiona mwalimu kamili.

Mtoto akaniuliza, wala hakuinua kichwa: "Baba, Lindi ina mito gani?"

Nikamjibu Matandu. Hiyo ni rahisi, tumekulia karibu na mdomo wake. Nikataja Lukuledi, maana unaingia baharini pale Lindi mjini. Hapo nikakwama. Rufiji ilinijia kichwani, lakini Rufiji ni ya Mkoa wa Pwani. Mtoto kashika kalamu ya bluu, ananingoja. Nikajifanya naitafuta simu, na kweli simu ndiyo iliyoniokoa, kwa kuwa Kivinje ilikuwa alfajiri na mama alikuwa ametoka kuswali. Nikamtumia ujumbe wa sauti.

Mama yangu hakumaliza darasa la tano. Jibu lake lilikuja kabla sijajaza maji kwenye birika: "Mwambie huyo mume wangu aandike. Matandu. Halafu Mavuji. Ukishavuka Mavuji unakwenda weee, unakutana na Mbwemkuru. Ndiyo sasa Lukuledi." Kaskazini kwenda kusini, kwa mpangilio, kama mtu anayevuta tasbihi. Mjukuu akaandika yote manne, akataka kujua bibi amesoma chuo gani.

Mhariri, mimi Jiografia nilifaulu kidato cha nne. Naomba hilo liandikwe, kwa sababu ndilo linaloniuma. Sikuwa mwanafunzi mtoro. Shule ya msingi, miaka ya 80, nilijua Kilimanjaro ni mita 5,895. Nilijua fuvu la Olduvai limepatikana mwaka 1959. Nilijua Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, wazungu wanagawana Afrika kwa rula. Sekondari tukafundishwa bonde la mto Tennessee, hapa hapa Marekani: mabwawa yake, umeme wake, jinsi walivyozuia mafuriko na mmomonyoko. Nililichora bonde lile kwa penseli mpaka vijito. Miaka mingi baadaye nikapita Tennessee na lori, nikauona ule mto, na nilichostaajabia ni kwamba niliutambua kuliko ninavyoutambua Mavuji.

Na wakati nachora Tennessee, mto uliokuwa ukitawala maisha yetu ulikuwa Rufiji. Safari ya Dar es Salaam ilikuwa lazima ufike Ndundu, upange foleni, uvuke kwa kivuko. Masika yakishika, njia inakatika, na mafuta ya taa yanapanda bei Kivinje. Kila mama wa Kivinje alilijua hilo sokoni. Darasani halikutajwa hata siku moja. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 niliwasikia watu wakisema sasa Kusini imefunguliwa. Ni kweli. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba tulikuwa tumefungwa, kwamba mto mmoja kukosa daraja unaweza kuifanya wilaya nzima ionekane imelala. Hiyo ndiyo jiografia niliyoihitaji nikiwa na miaka kumi na mbili.

Kuna aibu nyingine, hii ya mjusi.

Mtoto wangu, kama watoto wengi wa huku, ana wazimu wa madinosaria. Texas inao wake, ina hata mbuga yenye nyayo zao kwenye mwamba kando ya mto, na darasani wanafundishwa ni yupi aliyeteuliwa kuwa dinosaria rasmi wa jimbo. Sasa siku moja amefungua kitabu cha maktaba, akanionyesha mmoja mwenye shingo ndefu kama twiga. "Baba, huyu wa kwenu." Nikasoma. Mifupa imechimbwa Tendaguru, ndani kidogo kutoka Lindi mjini, kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, tani na tani, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mpaka leo amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, na inasemwa hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani iliyo mirefu kuliko yake. Nilikuwa nimepita miaka arobaini. Baadaye ndiyo nikaja kusikia kwamba suala la kumrudisha mjusi huyo limeulizwa hata bungeni. Watu wanabishana arudi au asirudi. Mimi nauliza jambo dogo zaidi: mtoto wa darasa la nne wa Lindi anajua kwamba waliombeba ni babu zake?

Nisije nikaonekana nimekuja kuisifia Texas. Nitasema na mabaya yake, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Darasani walipofika mwaka 1836, Texas ikiwa bado sehemu ya Mexico, mtoto akaja na hadithi ya Alamo: ngome ndogo San Antonio, wapiganaji wachache wa Texas wamezingirwa na jeshi la Mexico, karibu wote wakauawa tarehe 6 Machi. Halafu tarehe 21 Aprili, San Jacinto, vita vya dakika 18, Texas ikajipatia uhuru na kuwa nchi kamili mpaka mwaka 1845 ilipojiunga na Marekani. Ameshatembezwa kwenye mnara wa San Jacinto, si mbali na kwetu, na alinihakikishia kwamba ni mrefu kuliko ule wa Washington. Hizo dakika 18 anazisimulia kama mtangazaji wa mpira.

Nikamsimulia dereva mwenzangu, mtu wa Monterrey kule Mexico, tuko kwenye kituo cha malori tunakula. Akaacha kutafuna. Akaniambia niende nikamuulize mwalimu Mexico ilitoa amri gani mwaka 1829. Nikatafuta. Mexico ilipiga marufuku utumwa mwaka huo, na walowezi waliotoka Marekani kuja kulima pamba Texas walihangaika mpaka wakapata msamaha wa amri ile. Katiba ya nchi yao mpya ya 1836 ikaulinda utumwa, ikasema hata mtu mweusi aliye huru asikae Texas bila ruhusa ya Bunge. Tena mwaka 1830 Mexico ilikuwa imetoa sheria ya kuzuia wahamiaji kutoka Marekani wasiendelee kuingia Texas. Hapo nilicheka peke yangu kwenye usukani, mimi niliyekaa miaka kwenye foleni ya makaratasi ya uhamiaji.

Mtoto nilimweleza yote mawili, la mwalimu na la mtu wa Monterrey. Akaniuliza lipi la kuandika kwenye mtihani. Nikamwambia la mwalimu, na la pili aliweke kichwani.

Bango lake la mwisho wa muhula aliamua liwe Galveston. Texas ina kaunti 254 na kila mtoto alichagua moja. Tukaenda huko Jumamosi, ni mwendo wa saa moja tu kutoka Houston. Ni kisiwa. Mwaka 1900 kimbunga kiliua watu wengi sana, maelfu kwa maelfu, na baada ya hapo wakajenga ukuta wa bahari na kuunyanyua mji wenyewe kwa mchanga. Lakini tulichokifuata sisi ni tarehe 19 Juni 1865. Siku hiyo jenerali wa Marekani aliitwa Gordon Granger alitangaza Galveston kwamba watumwa wote wa Texas, watu kama laki mbili na nusu, ni huru. Rais Lincoln alikuwa ameshatangaza uhuru wao tangu Januari 1863. Habari ilichelewa miaka miwili na nusu, na waliowamiliki walikuwa wanaijua. Siku hizi tarehe hiyo ni sikukuu: Texas tangu 1980, Marekani nzima tangu 2021. Pale mjini kuna ukuta mzima umechorwa picha ya siku hiyo.

Tumesimama mbele ya ukuta ule, upepo wa bahari unanuka chumvi na samaki, harufu ya Kivinje kabisa, mtoto akaniuliza: "Na Kilwa nao walikuwa na watumwa?"

Mhariri, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 19. Misafara ilitoka huko Ziwa Nyasa ikaishia pwani kwetu, watu wakapakiwa majahazini. Mkataba wa mwaka 1873, Sultani Barghash alipolifunga soko la Zanzibar, tuliuandika daftarini. Ila kuna jambo ambalo sikufundishwa: katika Tanganyika utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Miaka 57 baada ya Galveston! Bibi yangu mzaa baba alikuwa ameshazaliwa. Na kwetu, kila mwenyeji anajua kwamba kuna nyumba ambazo wakati wa kuposa watu bado wananong'ona, "hao walikuja." Walikuja wapi, walikuja vipi, hakuna anayemalizia. Sisi hatuna ukuta wa kuchora. Tuna minong'ono. Texas inaificha habari yake kwenye ukurasa wa katikati wa kitabu, sisi tumeificha kwenye posa.

Niseme na Majimaji, vita vya babu zetu dhidi ya Wajerumani. Tulifundishwa, sikatai: sababu tano, matokeo matano, sababu tano za kushindwa. Tulikariri. Ilianza Nandete, Umatumbi, Julai 1905, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu wakaing'oa. Nandete iko wilayani Kilwa. Kinjeketile, mganga aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa Mohoro, Agosti mwaka huo huo. Na pale pale Kivinje, mahali tulipokuwa tunapita kwenda kucheza mpira, pana Mwembe Kinyonga. Jina linajieleza. Wajerumani waliwanyongea wapiganaji hapo. Mwalimu wetu alituandikia ubaoni "matokeo: watu wengi walinyongwa," sisi tukanakili, kisha kengele ikalia tukaenda kucheza karibu na mahali penyewe. Simlaumu. Yeye alitumwa kumaliza muhtasari kabla ya mitihani, na mwembe haukuwamo kwenye muhtasari.

Kilwa Kisiwani pia. Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 akaisifu kuwa miji mizuri kama huo ni michache. Ilikuwa na dhahabu iliyotoka Sofala, huko Msumbiji ya leo, Msikiti Mkuu wa matumbawe, kasri la Husuni Kubwa, na sarafu zake yenyewe, ambazo chache ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Tangu 1981 ni urithi wa dunia. Haya mengi nilisoma kidato cha kwanza, kwa Kiingereza, kama vile nasoma habari za Babeli. Kutoka Kilwa Masoko kwenda kisiwani ni mwendo wa dakika chache kwa mashua. Mimi nilikikanyaga kwa mara ya kwanza mwaka juzi, nimekwenda likizo na huyu mtoto. Tulikata kibali ofisi ya mambo ya kale, tukapanda mashua na akina mama waliotoka kununua unga. Mtoto wa Houston na baba yake wa Kivinje, wote wawili wageni.

Najua nyumbani mtaala umebadilishwa. Nimeona kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na kuna Jiografia na Mazingira. Nimefurahi, sikuandika kulipinga. Nilimpigia mpwa wangu anayesoma darasa la tano huko huko wilayani nikamuuliza Mwembe Kinyonga ni nini. Akasema ni kituo cha bodaboda. Nadhani hakukosea sana, lakini nilikaa kimya kidogo.

Ninachoomba ni mwaka mmoja. Darasa la tatu au la nne, popote wataalamu watakapoona panafaa, mtoto asome mkoa wake. Wa Lindi asome Lindi, wa Kigoma asome Kigoma, wa Mara asome Mara. Kijitabu chembamba, kwa Kiswahili, kiandikwe na walimu wa mkoa huo huo pamoja na wazee, si kwa kunakiliana kutoka Dar. Ndani yake mito, udongo, mvua inayoanza lini, nani alikaa wapi, njia za zamani, gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 na kuanza kuwasha taa za Dar es Salaam mwaka 2004, korosho, ufuta, mikoko. Na siku moja ya kutoka nje ya darasa kwenda kuona. Mtihani usiwepo, tafadhali. Likishawekewa mtihani tutarudi kwenye sababu tano.

Nasikia mtu anasema: huo ni umajimbo. Hoja hiyo naiheshimu. Mwalimu Nyerere na wenzake walikuwa na sababu ya kutufundisha taifa kwanza, na matunda yake tumeyaona tukilinganisha na majirani. Hata hapa sehemu hiyo sipendezwi nayo. Kila asubuhi mwanangu anasimama na kuapa mara mbili, bendera ya Marekani kisha bendera ya Texas, na Watexas wanajisikia mpaka unaweza kudhani bado ni nchi. Sitaki mtoto wa Kilwa aape kwa Lindi. Lakini kuujua Mbwemkuru hakujawahi kumtenga mtu na Tanzania. Mama yangu anaijua mito yote minne na hajakosa kupiga kura tangu nimepata akili. Wanaojua mkoa wao kwa majina ya ukoo na fitina ndio wa kuogopa, na hao hawakufundishwa shuleni.

Usiku ule wa ramani mtoto alimaliza Texas, akachukua karatasi nyingine akachora Lindi, vibaya sana, inafanana na soksi. Tukaibandika kwenye friji. Mito minne ya bibi imo. Wiki iliyofuata bibi akatuma ujumbe mwingine, kakumbuka kijito walichokuwa wakikivuka utotoni wakienda mashambani upande wa Matandu, kinachokauka kiangazi na kurudi na masika. Kilikuwa na jina, amelisahau. Kwenye ramani ya simu nimekuza mpaka mwisho, hakimo. Kama kuna msomaji wa Kivinje anayekijua, naomba aliandikie gazeti hili, maana mtoto ameshakichora na ameacha nafasi.

Baba wa mwanafunzi wa darasa la nne,
Houston, Texas